Dalali wa Vigoda Tisa

Dar es Salaam kila kitu kina dalali. Kuna dalali wa vyumba, dalali wa viwanja, dalali wa magari mabovu na dalali wa wachumba, na ukifa leo, kabla mkeka wa matanga haujatandikwa, atatokea mtu anayejua jeneza zuri linapatikana wapi. Kwa hiyo mtu asishangae kusikia kwamba Mwananyamala, katika uchochoro wa nyuma ya mashine ya kusaga, yupo mama aliyekuwa dalali wa mungu. Si mchawi wala nabii. Ni mpishi wa nyumba moja ya Kihindi, Mkatoliki wa kuzaliwa Ndanda, mwanajumuiya asiyekosa Jumapili, na jina lake Bernadeta.

Nyumba yenyewe ni ya Mama Hansa, mjane wa muuza misumari na rangi. Watoto wake wamekwisha kuhama: mkubwa yuko Msasani kwenye ghorofa lenye lifti na walinzi, wa pili yuko Uingereza anakolalamikia baridi. Wote wawili wamembembeleza mama yao aondoke Mwananyamala mpaka wamechoka. Yeye hahami kwa sababu Mata hahami. Mata ndiye Mama, mungu mama wa Wahindu, na pale sebuleni yumo katika picha kubwa iliyotundikwa na mama mkwe wa Mama Hansa nyumba ilipojengwa: sari nyekundu, mikono kibao, kila mkono na silaha yake, naye amekaa juu ya chui wa milia, ametulia kama mama aliyezoea bodaboda. Hakuna aliyewahi kuwa na ubavu wa kuishusha picha ile.

Mama Hansa alizaliwa Lindi. Kiswahili chake ni kile cha zamani cha huko, kinachokusema kwa adabu mpaka unajikuta umejibu ahsante. Ni mkali, ni mbahili wa sabuni, na katika ibada hana mchezo. Kila mwaka, karibu na Oktoba, zinapofika siku tisa za Mata, hula matunda na maziwa tu. Huotesha ngano kwenye sinia la udongo mbele ya picha mpaka ikachipua kijani. Huweka chungu kilichotobolewa matundu pande zote, ndani yake taa, na jioni hukizunguka akipiga makofi na kuimba. Zamani sebule ile haikutosha kwa wanawake waliokuja kuzunguka naye. Wakahamia Upanga, wakahamia London, wakahamia Kanada, na siku hizi anazunguka yeye na kivuli chake.

Siku ya nane ndiyo yenye kazi. Siku hiyo Mama Hansa hulisha wasichana wadogo tisa, wale ambao hawajavunja ungo. Ukidhani ni karamu ya watoto umepotea. Kwa asubuhi ile moja kila mtoto ni Mata mwenyewe amekuja kula. Hukalishwa kwenye kigoda, huoshwa miguu, hupakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, huinamiwa, kisha hulishwa, na akiomba kitu hanyimwi. Nani atamnyima Mungu aliyekuja nyumbani na njaa?

Tatizo likaja pale wasichana wa Kihindi walipokwisha mtaani. Mama Hansa akampigia simu kuhani wao, Maharaj, akamweleza shida. Maharaj, ambaye siku hiyo alikuwa na harusi mbili na hakuwa na muda wa kupoteza, akamjibu kwamba mtoto wa kike ni mtoto wa kike, Mata hajawahi kumwomba mtu pasipoti. Mama Hansa akakata simu, akageukia jikoni.

"Bernadeta," akasema, "nitafutie mabinti tisa. Wasafi, wenye adabu, wasiopigana."

Hapo ndipo udalali ulipozaliwa.

Maana watoto wale hawarudi mikono mitupu. Kila mmoja hutoka na sahani mpya ya stili, bangili, kitambaa cha gauni na mfuko wa vitu vitamu. Mwaka wa kwanza Bernadeta alipita akibembeleza. Mwaka wa pili yeye ndiye aliyebembelezwa. Mama ambaye tangu ahamie mtaani hajawahi kumpa salamu iliyokamilika akaanza kumwita "dada yangu". Nyanya zikaletwa, dagaa wakaletwa, unga wa muhogo wa Newala ukaletwa na mtu asiyejua Newala iko upande gani. Bernadeta akapokea vyote kwa uso wa mtu anayefanyiwa usumbufu. Akajifunza kukagua. Alisimama mlangoni kwa watu, akamgeuza mtoto mbele na nyuma, akachungulia masikio. "Huyu ana mapunye," akasema. "Huyu makamasi hayakauki. Mwakani, Mungu akipenda." Ungemuuliza Mungu yupi, asingekujibu.

Wala msidhani dini ziliwazuia watu. Bi Munira, msusi wa nywele, alikuwa na jibu lake tayari. "Mtoto kala kwa jirani, ni sadaka. Ile alama nyekundu tunaifuta mlangoni." Mzee Wilfred, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye kila Oktoba huwaonya waumini juu ya sanamu za kigeni akiwa ameshika mkononi sanamu ya Bikira Maria iliyotoka Italia, mjukuu wake hakuwahi kukosa kigoda. Yeye alisema anampeleka mtoto akajifunze utamaduni.

Katika mtaa mzima mtoto mmoja tu hakuwahi kufikiriwa. Huyo ni Noela, mjukuu wa Bernadeta mwenyewe.

Noela anaishi na bibi yake kwa sababu mama yake anapikia wafanyakazi kule Kinyerezi na nyumbani huja kwa nadra. Tangu akiwa mdogo, siku ile ya nane alikwenda na bibi kazini. Wenzake waliingia sebuleni kwa mlango wa mbele. Yeye aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akasukuma puri, vile vichapati vya Kihindi vya kukaanga, na kuzipanga kwenye sinia.

"Bibi, mbona mie sikai?" aliuliza mwaka mmoja.

"Sie Wakristo."

"Mbona mjukuu wa Babu Wilfred anakaaga?"

"Sukuma puri, hiyo imekuwa ramani ya Tanganyika."

Lakini sababu haikuwa Ukristo. Sababu ilikuwa chini ya sinki.

Chini ya sinki la Mama Hansa, kando ya dodoki na kopo la dawa ya mende, kuna kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, rangi imebanduka. Hicho ndicho kikombe cha Bernadeta. Vikombe vya stili vya nyumba hukaa rafuni, anavisugua yeye mpaka vinang'aa, lakini yeye havinywei. Hakuna aliyewahi kumkataza. Siku ya kwanza ya kazi, zamani hizo akiwa msichana, mama mkwe wa Mama Hansa alimpa chai ndani ya kikombe kile na kumwonyesha pa kukiweka, na basi. Mama mkwe alikufa, kikombe kikabaki. Na Noela akipewa chai nyumba ile, hunywea humo humo, wanapokezana na bibi yake.

Tena Mama Hansa si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Bernadeta zaidi. Mume wa Bernadeta alipofariki, Mama Hansa alikuja msibani, akakaa chini mkekani na sari yake, akalia kuliko ndugu wa marehemu. Noela alipozaliwa, yeye ndiye aliyekaa na Bernadeta kwenye benchi la hospitali mpaka mtoto akalia. Lakini kikombe ni kikombe. Bernadeta aliogopa kuambiwa hapana. Mtu aliyekunyima kikombe utamwombaje amwinamie mjukuu wako? Bora kugawa vigoda vyote tisa kwa watoto wa watu, ujidai hukitaki.

Mwaka huu tamaa ikamponza. Kigoda cha mwisho alimwahidi Bi Munira, kwa malipo ya kusukwa nywele. Wiki iliyofuata akatokea Bi Tabu, mfuga kuku, na jogoo mwekundu mwenye mkia wa maringo. Bernadeta alimtazama jogoo, jogoo akamtazama Bernadeta, na kigoda kile kile kikaahidiwa mara ya pili. Alijiambia mmoja wao hatakumbuka. Kama kuna kitu wanawake wa Mwananyamala hawasahau, ni ahadi.

Mambo yalipasuka siku ya saba. Bi Tabu alimpeleka binti yake kwa Bi Munira akasukwe.

"Umsuke vizuri, shoga, kesho ana kigoda kwa Mama Hansa. Kile cha mwisho."

Mkono wa Bi Munira ukasimama kichwani mwa mtoto. "Kigoda cha mwisho kipi?"

Jioni ile Bernadeta alikuwa kwa Mzee Wilfred. Oktoba ni mwezi wa Rozari, na jumuiya ilikuwa imekusanyika uani mbele ya sanamu ya Mama Maria. Bi Munira na Bi Tabu wakafika. Kwa kuwa ni watu wenye adabu zao, hawakuingilia ibada ya watu. Walisimama langoni, mikono kifuani, wakasubiri fumbo la mwisho, wakasubiri litania, wakasubiri mpaka amina ikatulia. Kisha wakaanza.

"Bernadeta! Kigoda kimoja unauza mara mbili, una akili wewe?"

"Jogoo wangu yuko wapi mpaka sasa hivi? Mrudishe!"

"Alimla Jumapili, harufu ilifika kwangu!" akadakia Bi Munira.

Jumuiya yote ikageuka. Mama mmoja mgeni akauliza kwa sauti kigoda gani hicho, na Bi Munira, ambaye hajui kufupisha, akaeleza yote: Mata, miguu, alama nyekundu, na nani huwa anapeleka nani. Mzee Wilfred alikuwa akiangalia angani kama mtu anayetafuta dalili za mvua.

"Wangu hata ukinibembeleza simleti," akamalizia Bi Munira.

"Na wangu ndiyo kabisa," akasema Bi Tabu. "Kakalie wewe!"

Wakaondoka bega kwa bega, marafiki kuliko mwanzo. Watu walipotawanyika, Mzee Wilfred akamsogelea Bernadeta, akakunja uso wa kichungaji, akamnong'oneza: "Jambo hili tutalizungumza kwenye kikao. Hivi kesho ni saa ngapi?"

Asubuhi ya siku ya nane, ambayo ilikuwa Jumamosi, wasichana wanane walikuwa wameketi sebuleni kwa Mama Hansa, miguu wameinyoosha wakingojea zamu ya beseni, mbele yao picha ya Mata imevishwa maua. Kigoda cha tisa kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi mmoja?" akauliza Mama Hansa. Alikuwa hajala kitu cha maana kwa wiki, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Maharaj amesema kabla ya adhuhuri. Ikipita, imepita."

"Anakuja, Mama," akasema Bernadeta, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Nyumba ya kwanza alijibiwa kwamba mtoto yupo, ila ana mapunye, si ulisema mwenyewe? Nyumba ya pili makamasi yalikuwa bado hayajakauka. Nyumba ya tatu mama mtu alicheka mpaka akashika nguzo: "Leo mungu wenu kakosa mtu? Basi mwakani, Mungu akipenda." Kwa Bi Munira hakuthubutu hata kupita. Alizunguka uchochoro wote, jasho linamtiririka, kila mlango unamrudishia maneno yake mwenyewe yakiwa bado yana moto. Dalali aliyewakataa watoto wa mtaa mzima alirudi bila mtoto.

Mama Hansa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Machozi yalikuwa karibu, na Bernadeta hakuwa amemwona akilia tangu siku ile ya mkekani msibani.

"Nimemlisha Mata tangu niolewe," akasema Mama Hansa. "Sikumpunguzia hata mwaka niliozika mume. Leo atakuja akute pengo? Mtaa mzima huu, Bernadeta, hakuna mtoto wa kike hata mmoja?"

Na wakati anasema hayo, Noela alikuwa amesimama kati yao, sinia la puri mikononi, unga mpaka kwenye nyusi. Macho ya Mama Hansa yalipita juu ya kichwa chake kama yanavyopita juu ya friji.

Bernadeta aliwahi kudharauliwa, akavumilia. Alivumilia dodoki, akavumilia dawa ya mende. Lakini hili la mtoto kusimama pale na asionekane lilimshinda, na hasira ikamtoka pamoja na hofu yote aliyoilea.

"Yupo," akasema. "Amesimama mbele yako, Mama. Unamchungulia kwa juu."

Mama Hansa akashusha macho.

"Huyu ni wako," akasema.

"Ni wangu."

"Miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Miaka yote hii mbona hukuniuliza?"

Saa ya ukutani haikuwasubiri. Bernadeta akashika upindo wa kanga kumfuta mtoto unga wa usoni, afanye haraka amnawishe bombani. Mama Hansa akauzuia mkono wake.

"Mwache. Kuosha ni kazi yangu."

Noela akaingia sebuleni kwa mlango wa jikoni, akaketi kigoda cha tisa. Mama Hansa alianza upande wa pili, akaja akiosha mtoto baada ya mtoto, magoti yake yakilalamika kila aliposogea. Alipofika kwa Noela akapiga magoti, akachukua mguu mmoja uliojaa vumbi la mtaa, akaumiminia maji ya uvuguvugu yenye maua, akausugua taratibu mpaka kisigino, akaufuta kwa ncha ya sari yake. Noela hutekenyeka upesi miguuni, akacheka mpaka akapiga kelele. Mama Hansa naye akacheka. Kisha akaweka paji lake juu ya vidole vile vya miguu na kukaa hapo.

Bernadeta alitazama kutoka jikoni. Aliona njia nyeupe ya nywele za yule mama, imeinama miguuni pa damu yake. Alitaka kucheka, akajikuta analia, na midomo yake, isiyojua sala nyingine ya Mama, ikawa inasema Salamu Maria bila kumwomba ruhusa. Huo udalali wake wote aliuona mchezo wa kitoto.

Chakula kikaja: puri, dengu, viazi visivyo na kitunguu, halua, na maziwa ya moto yenye iliki katika vikombe vya stili. Mama Hansa akapita akiuliza kama ilivyo desturi, "Mama, nikupe nini tena?" Mmoja akataka puri. Mjukuu wa Mzee Wilfred akataka soda nyeusi, akapewa. Mwingine akataka kubadilishiwa chaneli ya televisheni, ikabadilishwa, Mata akaangalia katuni.

"Na wewe, Mama?" akamuuliza Noela. "Hunywi maziwa?"

"Kinaniunguza," akasema Noela, akipuliza vidole. "Hakina mkono. Nataka kile cha bibi."

"Kipi?"

"Cha chini ya sinki. Kile ndo chetu."

Hakusema kwa ubaya. Mtoto alitaka kikombe chenye mkono, basi. Lakini Bernadeta aliona uso wa Mama Hansa ukibadilika, akajua yanayopita humo. Kumpa Mata maziwa ndani ya kikombe kinacholala na dawa ya mende ni kufuru. Kumnyima Mata alichoomba ni kufuru vilevile. Na aliyekiweka pale si Mata.

Bernadeta akageuka akilete, maana kuleta ni kazi yake. Mama Hansa akampita mlangoni. Aliinama mwenyewe chini ya sinki, akashika ukuta asianguke, akapapasa nyuma ya dodoki, akakitoa. Alikiosha kwa sabuni. Akakiosha tena. Safari hii hakuibania sabuni. Akamimina maziwa, akakibeba kwa mikono miwili mpaka sebuleni, akampa mtoto. Noela akanywa yote, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Hapo sawa."

Mchana Mzee Wilfred alikuja kumchukua mjukuu wake kupitia uani, kofia imeshushwa mpaka kwenye miwani, akamfuta alama nyekundu kwa leso na kuuliza sahani iko wapi. Watoto wakatawanyika na mizigo yao. Noela alilala njiani mgongoni kwa bibi yake, bangili mkononi, alama nyekundu haikufutwa.

Jumapili Bernadeta alikwenda kanisani, akatazamwa, naye akatazama. Jumatatu akarudi kazini kwa mlango wa nyuma. Alifua, akadeki, na ilipofika saa ya chai akainama chini ya sinki kama siku zote. Lilikuwapo dodoki, lilikuwapo kopo la dawa. Kikombe hakikuwapo. Akatafuta nyuma ya ndoo. Akajua kimetupwa, na kwamba yeye ndiye anayefuata.

Akaenda sebuleni kuuliza. Mbele ya picha ya Mata, kati ya taa na sinia la ngano iliyochipua, kilikuwa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kimejazwa maua ya njano. Alichonywea Mata hakirudishwi kwenye dawa ya mende.

Mama Hansa alikuwa mezani na birika, mgongo ameupa mlango. Hakugeuka. Akanyoosha mkono rafuni, akachukua kikombe cha stili, akakiweka kando ya cha kwake, akamimina chai mpaka karibu na ukingo.

"Shika juu," akasema. "Kinaunguza."